Zimwi la Lodra na Kompyuta ya Nyumba Mbili

Nengah Lodra ndiye anayetujengea zimwi. Kila mtaa hapa Gianyar una ogoh-ogoh wake, zimwi la mianzi na karatasi linalobebwa mabegani mkesha wa Siku ya Ukimya, siku ya kuzima taa zote, na kila mtaa una mtu mmoja anayeamini kwamba bila yeye mashetani wangekosa sura. Wetu ni Lodra. Miezi mingine huchonga mawe ya malango ya mahekalu, kazi ya kumpatia wali. Zimwi humpatia sifa, na sifa, kama tujuavyo, ndiyo kitoweo.

Mwaka jana zimwi lake lilikwama. Ni aibu kulisema, kwa hiyo nalisema mapema liishe. Lilikuwa jike, zuri la kutisha, nywele zimesimama wima kama ufagio uliokasirika, na nywele ndizo zilizoliponza. Pale njia panda zikanasa kwenye nyaya za umeme. Vijana wetu wakabaki chini yake wamejikunja, jasho linawatiririka, na watu wa mtaa wa jirani waliokuwa nyuma na zimwi fupi lenye busara wakaanza kuimba. Walichoimba hakiandikiki.

Ndiyo maana mwaka huu Klian Sudiasa, mkuu wetu wa mtaa, alisimama ukumbini akasema, "Michoro kwenye karatasi za kufungia wali basi! Anayetaka kutujengea atuonyeshe zimwi ukutani, limesimama, linazunguka, limepimwa. Nataka kuliona likipita njia panda kabla halijazaliwa."

Kompiang, kijana wa duka la kahawa mwenye kompyuta ya mapajani inayong'aa kama sinia la harusi, alitabasamu hata kabla mkuu hajafika nukta. Lodra alikwenda nyumbani akakaa na jogoo wake, wakatazamana. Kazi aliyoachiwa na baba yake, naye baba akaachiwa na babu, ilikuwa inaponyoka kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kuchomwa na kibanzi cha mwanzi.

Kompyuta nyumbani ilikuwepo, ila ilikuwa ya mkewe. Luh Sariasih hutarizi kebaya, blauzi za maharusi, kwa mashine, na programu inayoiambia mashine ishone ua gani wapi haijui kuishi popote isipokuwa ndani ya Windows. Lodra aliwahi kuigusa mara moja. Siku hiyo bibi harusi mmoja wa Ubud alipoteza tausi wote wa mgongoni.

"Bli, nakuheshimu kama mume," Sariasih alimwambia, maana kwetu kaka na mume wote ni Bli, "lakini kwenye hiyo kompyuta wewe ni panya. Ukitaka kucheza na mazimwi, jenga nyumba yako."

"Nyumba gani, Luh? Kompyuta ni moja."

"Ua huu pia ni mmoja, na tunakaa na mama yako na kaka zako wawili. Weka ukuta."

Mwanamke huyu hajawahi kusikia habari za kugawa diski, lakini alikuwa ameieleza kazi hiyo vizuri kuliko wahadhiri wangu wote. Mimi, jirani yao niliyesomea kompyuta, nikampa Lodra flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nikavuta kigoda, tukaanza kujenga.

Nyinyi mnaotoka kwenye familia za uke wenza hamhitaji maelezo. Windows ni mke mkubwa. Alikuta uwanja wote wake, akajitandaza, na ukimwomba kipande cha kumweka mwenzake, kwanza lazima umtolee vyombo vyake taratibu, visivunjike. Tena halali usingizi wa kweli. Ukimzima anafumba macho tu, funguo za ghala amezikalia, na mdogo akija asubuhi anakuta kumefungwa. Ilibidi tuingie kwenye mipangilio yake na kumfundisha kulala kama watu. Linux akajengewa upande wa pili, na mlangoni tukaweka bawabu: orodha fupi inayojitokeza kila kompyuta ikiwashwa, yenye swali moja tu ambalo kila mwenye wake wawili analijua. Leo zamu ya nani?

Ikabaki kadi ya picha. Zimwi la kuzungushwa halizunguki kwa ubongo wa kawaida wa kompyuta, litajikokota kama nguruwe aliyeshiba. Duka moja la michezo huko Denpasar lilikuwa linafungwa, na mwenyewe alikuwa na kadi nzuri ya mtumba. Udhaifu wake ulikuwa majogoo. Lodra aliondoka na jogoo wake mwekundu kapuni, akarudi na kadi kwenye kapu lilelile, manyoya mawili yamenasa kwenye feni yake.

Kadi bila draiva ni mgeni asiye na mkalimani. Tukaipakua draiva, tukaiweka, Lodra akatunga nenosiri, tukawasha upya. Ikatokea skrini ya bluu yenye sura ya afisa uhamiaji: wewe ni nani, hii draiva nani ameidhamini, mlipatana nenosiri gani? Lodra alikuwa amelisahau. Tukarudia mwanzo. Safari ya pili aliliandika mkononi kwa kalamu ya kuchorea mawe, akaliingiza, afisa akagonga muhuri, na ghafla zimwi alilokwisha kulichora humo likazunguka. Nakuambia lilizunguka! Laini, bila kukwama, kama mcheza ngoma anayejua mama mkwe anatazama.

Sariasih alikuja na sindano mdomoni. "Tumbo la nani hilo?"

"La zimwi."

"Ni la kaka yako. Hata kitovu ni chake."

Basi ikawa raha, hadi ilipofika Tumpek Landep, siku ya kushukuru vyuma. Siku hiyo kila chenye makali au injini hupewa sadaka na maji matakatifu: jambia la babu, pikipiki, cherehani, mashine ya kukunia nazi. Lodra alikuwa hekaluni na patasi zake. Nyumbani mama yake, Meme Rapeg, akaamua kwamba kitu kilichogharimu jogoo hakiwezi kubarikiwa kikiwa chini ya meza kama paka. Akamwamuru Sariasih aking'oe. Kompyuta ikabebwa hadi kwenye madhabahu ya ukoo, ikavishwa kitambaa cha miraba myeusi na myeupe, ikawekewa sinia la maua, wali na ndizi, ikanyunyiziwa kwa adabu, kwa mbali, maana Meme si mjinga. Kisha ikarudishwa chini ya meza.

Kesho yake Lodra alichagua Linux. Bawabu alimjibu vizuri, akampokea, akamfungulia mlango. Halafu giza. Giza totoro, lile la kuchungulia kisima.

Akachagua Windows. Ikawaka, maua na tausi wote wapo.

"Ni draiva," akasema.

Aliiondoa draiva akairudisha. Akaweka ya zamani, akaweka mpya. Aliuliza kwenye mabaraza ya mtandaoni, ambako wanaume wa nchi za baridi walimjibu kwamba kwao inafanya kazi, na mmoja akamshauri abadilishe maisha. Mkutano wa mtaa wa kuonyesha mazimwi ukawa unakaribia. Lodra aliacha kula nyama ya nguruwe ya Jumapili, na mtu wa Gianyar akifika hapo, ndugu huanza kupigiana simu.

Mtaa ukatoa maoni yake, kama kawaida, bila kuombwa. Kompiang alipita akiwa na kahawa mkononi. "Bli Nengah, nasikia zimwi lako limeanza Siku ya Ukimya mapema. Limezima taa zote!"

"Nenda ukachemshe maji yako."

"Lakini ukutani nitakuachia nafasi kidogo. Pembeni, pale anapokaa mjusi."

Aliyelipatia jambo jibu ni Meme Rapeg. Asubuhi ya siku ya mkutano alimwita Jero Mangku, kuhani wetu, akamketisha, akampa kahawa na keki ya mchele, akamweleza kesi.

"Meme," alisema Jero Mangku, "safari hii nimebariki pikipiki, majembe, na kiti cha kinyozi. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Hivyo vyote vina mtu mmoja ndani. Hii ina wawili. Mimi nikaweka sinia moja. Mkubwa kala, mdogo kalala njaa. Wewe ungewaka?"

Jero Mangku alilelewa na mama wawili katika ua mmoja. Aliweka kikombe chini polepole. "Nisingewaka," akasema.

"Meme, jamani," Lodra akalalamika, "ni draiva tu!"

"Draiva, draiva! Umemlisha nini huyo draiva?"

Hakuna anayeshinda hapo. Kompyuta ikang'olewa tena, ikabebwa tena madhabahuni, na safari hii masinia yakawa mawili, sawasawa kwa ndizi na kwa maua, Meme akihesabu wali kwa jicho asije mtu akadai upendeleo. Jero Mangku akasoma maombi, akanyunyiza kushoto, akanyunyiza kulia. Sariasih alikuwa na mteja anayepimwa kifua, kwa hiyo kurudisha nyaya ikawa kazi ya Lodra mwenyewe.

Akainama nyuma ya meza. Nikasikia kicheko kidogo cha mtu aliyebanwa na mlango.

Nyuma ya kompyuta ile kuna matundu mawili ya waya wa skrini. Moja la kompyuta yenyewe, juu, lenye vumbi lililofutika. Jingine la kadi, chini, na huko ndiko picha za Linux zilikokuwa zikimiminika wiki nzima bila mtu wa kuzipokea. Sariasih alikuwa ameuchomeka waya kwenye tundu la kwanza lililoukubali. Windows, mke mkubwa mwenye uzoefu, alikuwa ametumia tu mlango uliopo akanyamaza. Na Lodra? Mwanamume atasoma ushauri wa dunia nzima kabla hajainama kuangalia nyuma ya meza.

Akauchomeka chini. Akawasha. Zimwi likasimama kwenye kioo likiwa na kitovu cha kaka yake.

"Imepokea?" Meme Rapeg akauliza kutoka uani.

Lodra alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Wote wawili walitazama nyaya.

"Nilikosea tundu?" Sariasih akanong'ona.

"Mm."

"Bli, ukimwambia mtu, nyumba yako naifuta leo hii."

"Imepokea, Meme!" Lodra akapaza sauti. "Alikuwa na njaa tu!"

Alasiri ukumbi ulijaa. Kompiang alitangulia. Zimwi lake lilikuwa na kifua cha mnyanyua vyuma, moto machoni, radi mgongoni, na muziki juu. Vijana wakapiga mluzi. Klian Sudiasa akasubiri radi iishe.

"Urefu wake?"

"Kubwa sana, mkuu."

"Nimeuliza urefu."

Kompiang akaangalia kompyuta yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Kisha Lodra. Alikuwa ameibeba kompyuta nzima, na bawabu alipouliza ukutani zamu ya nani, mtu mmoja wa nyuma akajibu kwa sauti, "Mdogo!" na ukumbi ukacheka. Ukutani ikatokea njia panda yetu, ileile, na nguzo iliyopinda, na nyaya, hata kibanda cha muuza miavuli. Alikuwa amepima kila kitu. Zimwi likaja kutoka upande wa soko, limebebwa, zito, la kweli. Likazikaribia nyaya. Mtu akasema, "Uwiii." Shingo ikainama, kwenye kiungo alichokibuni Lodra mwenyewe cha mwanzi ndani ya mwanzi, kichwa kikapita chini ya waya kwa upana wa kiganja, kikainuka upande wa pili, kikageuka kutazama mtaa wa jirani, na kutoa ulimi.

Walivyopiga kelele, mbwa wa hekalu walikimbia.

"Rudisha nyuma," Klian akasema. Likainama tena. "Rudisha." Likainama tena. Mkuu wetu hakuwa anakagua chochote, alikuwa anafurahi tu, na hakuna aliyemnyima. Kompiang alikuwa ameshafika mbele, pua karibu na ukuta, anauliza kiungo kile hufungwa kwa kamba gani.

"Zimwi ni la Nengah," Klian Sudiasa akatangaza. "Mwenye pingamizi?"

Mzee mmoja, mpiga upatu mkuu, akanyoosha mkono. Lodra akakauka.

"Mimi sipingi," mzee akasema. "Ila ulimi ni mfupi. Kutoka njia panda hadi kwa wale washenzi ni mbali. Wasipouona?"

Wakajadili ulimi hadi chai ikapoa. Lodra alikaa sakafuni na penseli, akiuongeza.