Swali la Zaina ambalo sikulisikia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikiikumbuka hata chakula hunishinda. Nilivuka mto kwa mtumbwi kutoka kwetu Alunguli kuingia mjini Kindu, nimevaa kofia yangu ya stesheni, ingawa treni ilikuwa haijafika Kindu kwa muda mrefu. Vita ilikuwa imekata reli, na kofia haikuwa na kazi tena. Niliivaa kwa sababu nilikuwa nakwenda kuzungumza na mke wangu. Ujana una mambo yake: unapenda kuonekana mtu hata mbele ya yule ambaye hatakuona.

Mke wangu aliitwa Zaina. Kabla njia haijafungwa alikuwa amepanda treni kwenda Kongolo, kwa kaka yake Shabani, ili ajifungue mtoto wetu wa kwanza karibu na watu wa kwao. Tulikubaliana atarudi mtoto akitimiza siku arobaini. Arobaini ikafika, treni haikuja. Barua nazo hazikupita. Msafiri mmoja tu aliniambia kwamba nimepata binti na kwamba anaitwa Feza. Mwaka mzima, mwanangu, nilikuwa baba wa mtoto ambaye sikujua analia kwa sauti gani.

Zamani zile hatukuwa na simu za mkononi. Tulikuwa na foni, redio ya kusemea: sanduku la chuma, bateri ya gari chini yake, na waya mrefu umefungwa juu ya miti. Ilikuwa nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa mawese, ng'ambo ya mjini, na aliyeiendesha ni Mzee Ramazani, mtu mtulivu asiyependa maneno mengi. Watu walikaa kibarazani kwake tangu asubuhi wakingoja kuitwa. Siku moja kabla alikuwa amenitumia habari: kesho Zaina atakuwa kwenye foni ya Kongolo, ufike mapema.

Niliingia, akanionyesha kiti.

"Asani, hii mashini unaijua?"

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nilikuwa mtu wa stesheni, na watu walidhani kila chenye waya nakijua. Kibarazani walikuwepo watu kama kumi, masikio wazi. Halafu niliona haya kumwambia mke wangu ya moyoni mbele ya mzee.

"Naijua, Papa," nikasema. "Naomba uniache nizungumze naye peke yangu."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Akanitazama kidogo, akatoka.

Foni si kama simu, mwanangu. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe. Ukimaliza unakiachia, ndipo sauti ya mwenzako inakuja. Ukikishikilia, umejiziba masikio mwenyewe. Hilo sikulijua. Nilikuwa nimemwona mzee akibonyeza, nami nikabonyeza. Nikadhani ni kama kushika mkono wa mtu kwenye maji: ukiachia, anakwenda. Nikakaza kidole gumba mpaka kikafa ganzi.

"Zaina! Ni mimi, Asani. Nakusikia vizuri!"

Sikusikia kitu. Lakini niliendelea. Nikamwambia paa lilitoboka na nimeweka mabati mengine juu ya chumba chetu. Nikamwambia mama yangu anakohoa ila anakula, na mihogo imekubali. Nikamwambia nimemtengenezea Feza kitanda kidogo kwa mbao za mlango wa zamani. Nilipokosa la kusema nikanyamaza, kidole palepale, nikingoja. Kimya. Nikafikiri labda analia. Nikaanza tena habari za mabati. Mwishowe Mzee Ramazani akaingia mbio: bateri imekwisha.

Akaona kidole changu.

"Asani, ulikuwa unaachia kitufe?"

"Nilikuwa naachia."

"Na ulimusikia?"

"Nilimsikia. Wako muzuri wote."

Mzee akafunika mashini kwa kitambaa, taratibu. Akasema kwa sauti ya chini, ili wa kibarazani wasimsikie: "Mwanangu, hii kazi nilifundishwa na mutu mudogo kwangu. Alinicheka siku mbili. Halafu kicheko chake kikaisha, mimi nikabaki na ujuzi. Kuuliza si ujinga. Kama haukusikia, uniambie sasa. Kesho bateri itajaa, tutamuita tena."

Angalia jinsi Mungu alivyonifungulia mlango, tena bila watu kujua. Na mimi nikaufunga.

"Hakuna shida, Papa. Tulielewana."

Siku ya tatu watu wenye silaha walikuja wakaibeba foni, bateri, hata waya wa juu ya miti.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Miezi michache baadaye habari ilinifikia Alunguli, nikiwa na jembe mkononi. Zaina alikuwa ameondoka Kongolo kwa miguu pamoja na watu wengine, wakifuata reli kuja Kindu. Mtoto alimwacha kwa kaka yake. Kabla ya kufika Kibombo, stesheni ya katikati ya njia, homa ilimshika. Wenzake walimzika pembeni ya reli, wakaendelea na safari, maana njia ile haikuwa ya kukaa.

Vita ilipotulia Shabani alimleta Feza kwangu, msichana wa miaka mitano mwenye shingo ndefu kama ya mama yake. Tulikula, tukalia kidogo kama wanaume wanavyolia, wakitazama pembeni. Kisha Shabani akaniuliza, "Shemeji, maneno yake ya ile siku ya foni, uliyasikia?"

Ningesema nini? Mji mzima nilikuwa nimeuambia kwamba tulizungumza. Nikatikisa kichwa: ndiyo. Shabani akaniangalia, akainamia sahani yake. Hakuuliza tena.

Tangu hapo, mwanangu, nimeishi zaidi ya miaka ishirini na maneno nisiyoyajua. Mtu akifa na umemsikia, unabaki na sauti yake, unaweza kuirudia ukiwa shambani. Mimi sikuwa na kitu cha kurudia. Nilitamani hata angekuwa amenitukana, niwe na tusi lake la kuweka. Na kilichonila zaidi ni hofu moja: labda alisema, "Uje unipokee Kibombo." Labda aliniwekea siku. Labda alikaa pale na homa yake, akitazama reli upande wa Kindu, na mimi huku napalilia mihogo. Sikuoa tena. Watu waliita uaminifu. Haukuwa uaminifu peke yake.

Feza alikua, akasoma, sasa ni mkunga kule Lubutu. Mwaka huu alimpa mwenye pikipiki mmoja kifurushi aniletee. Ndani mlikuwa na tableti: kioo cheusi chenye ukubwa wa daftari, chembamba, na waya wake. Jioni akanipigia kwenye simu yangu ndogo ya vitufe.

"Baba, mujomba Shabani anaumwa. Haamuki tena kitandani. Anaomba aone uso wako. Siku ya Mungu, hii Jumapili, mutoto wake atakuwa pembeni yake na simu, mutaonana kwa hii tableti. Ujifunze mbele ya siku kufika."

Niliigusa mara moja. Haikuwaka. Nikafikiri nimeshaiharibu, nikaiviringisha katika kitambaa, nikaiweka juu ya kabati. Siku nne ikakaa pale. Ijumaa Feza akapiga tena.

"Baba, uliiwasha?"

"Niliiwasha, mama. Inatumika muzuri."

Simu ilipokatika nikakaa kitandani. Sauti ile iliyotoka kinywani mwangu niliifahamu. Ilikuwa ya kijana mwenye kofia, na mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi. Nikaogopa, mwanangu, kuliko nilivyoogopa bunduki.

Nikachukua kile kioo nikaenda kwa Mama Sifa, mjane anayechaji simu za watu kwa nguvu ya jua karibu na kivuko cha Alunguli. Benchi lake lilikuwa limejaa. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti, ili nisipate njia ya kurudi nyuma: "Mama Sifa, hii kitu siijui. Sijui hata inafungukia wapi. Unifundishe tangu mwanzo."

Mtu mmoja wa benchi akacheka. Nikamwacha acheke.

Mama Sifa akaigeuza, akaichomeka kwenye waya. "Haikuharibika, Papa. Iko na njaa tu."

Iliposhiba kidogo akanirudishia. "Hapa pembeni kuna kitufe. Ukifinye, uhesabu mpaka tano, uachie." Nikahesabu. Kioo kikawaka, kikaniuliza lugha ninayotaka, na katika orodha ndefu ya lugha za dunia nikakiona Kiswahili, nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani safarini. Tukaweka namba nne za siri za kukifungulia. Tukanunua mega, yaani chakula cha mtandao, maana bila mega kioo kinawaka lakini hakimfikii mtu.

Shida ikawa vidole. Vidole vyangu ni vya jembe. Nikigusa, kioo hakinijui. Nikikandamiza kwa hasira, picha zote zinaanza kutetemeka kama zina baridi.

"Papa, usiikaze. Hii haiko muhogo," Mama Sifa akasema. "Pangusa kidole, halafu uguse kama vile unamuamusha mutoto muchanga."

Nilimwomba anifungulie yeye, mimi nitazame. Akakataa. "Nikikufanyia, ndio mimi nitajua. Fanya wewe." Akanifanya niizime kabisa na kuiwasha upya, nitafute jina la Feza, nilifunge, nilitafute tena. Nilikosea mara nyingi. Nilirudi Jumamosi nikakosea tena, lakini kidogo.

Jumapili mchana niliketi palepale kwa Mama Sifa, kwa sababu mtandao una nguvu pale. Kioo kikaita, nikagusa alama ya kijani, na uso wa Shabani ukatokea. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yaleyale. Midomo yake ilikuwa inacheza, lakini sikusikia chochote. Na kichwa changu, mwanangu, kikaanza chenyewe kutikisika: ndiyo, ndiyo.

Nikakizuia. "Shabani! Sikusikii!"

"Kitufe cha juu, Papa, kile kirefu," Mama Sifa akasema kutoka kwenye kiti chake. Nikakifinya. Sauti ikaja.

"... nasema umezeeka, shemeji."

"Hata wewe."

Tukacheka. Halafu nikamwambia yote, watu wa benchi wakisikia. "Siku ya foni sikumsikia Zaina. Hata neno moja. Siku uliyoniuliza nilikudanganya. Naomba uniambie alisema nini."

Akamwambia mtoto wake amsogezee simu karibu na mdomo.

"Nilijua," akasema. "Mwenye foni wa huku alituambia palepale: huyu bwana hajaachia kitufe, hawezi kusikia. Siku nilikuletea mutoto, nilikuuliza makusudi, nikupatie maneno yake. Ukatikisa kichwa. Nikasema, basi, kama hataki kuyasikia, nisimulazimishe."

Miaka ishirini na zaidi, mwanangu! Maneno yalikuwa yameketi mezani pangu, kati ya sahani mbili.

"Alisema nini, Shabani?"

"Alikuuliza swali moja, mara tatu: Asani, nije au nikae? Akajua haumusikii. Akacheka, akasema, mumuache aseme, mwaka muzima sijasikia hii sauti. Ukasema juu ya kitanda cha mutoto. Pale ndio aliamua. Akatuambia, mutu anayetengeneza kitanda ananiita. Alitaka kumubeba Feza, nikamukataza kwa sababu mutoto alikuwa na surua."

"Na Kibombo? Alikuwa ananingoja Kibombo?"

"Hakukungoja mahali popote, shemeji. Alikuwa anakuja tu."

Mzigo mmoja ukashuka, na mwingine ukapanda mahali pake. Maana sisi wa Kindu tulijua ile njia ilivyokuwa. Waliofika wakiwa hai walitueleza. Ningelisikia swali lake, ningemjibu kwa neno moja: kaa. Nikamwambia Shabani hivyo. Hakunifariji kwa uongo. Alinyoosha mkono wake mkavu mpaka ukajaa kioo chote, nami nikaweka wangu juu yake, na kioo kilikuwa na joto.

Shabani aliaga dunia kabla ya mwezi ule kuisha. Angalau tulikuwa tumesemeshana.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike, mwanangu. Utakutana na vitu vingi usivyovijua, na vyombo vitakavyokuja baada ya hivi sitaviona mimi. Usione haya. Ukikabidhiwa kitu kigeni, sema mapema, "Sijui, nifundishe," ungali na mwalimu mbele yako na mlango ungali wazi. Usikubali kufanyiwa, fanya mwenyewe, ukosee, urudie. Mtu akikuuliza kama umemsikia, na hukumsikia, mwambie arudie, hata kama mji mzima umekaa kibarazani. Aibu ya kutojua ni ya kitambo. Ya kujifanya unajua hukua nawe, na siku ikikomaa humlipisha mtu mwingine, tena yule unayempenda. Na wewe unayejua, usimcheke anayeuliza. Hujui amebeba nini.

Mungu akupe kinywa chepesi cha kuuliza na moyo mpana wa kujibiwa. Akulinde njiani, na wako awalinde. Na wale unaowatamani, akukutanishe nao wangali na pumzi ya kukuambia walichotaka kukuambia. Amina.