Dakika Kumi Kabla ya Basi

Nywila niliijua. Hilo ndilo lililonitia wazimu.

Mama mmoja kutoka Endagikot alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu ya shule. Binti yake alikuwa stendi, ng'ambo ya barabara, ameshika kiti kwenye basi la saa nne. Siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa chuo cha uuguzi kupokea barua ya shule, na barua ilikuwa ndani ya kompyuta, imekamilika, haitoki. Printa ilikuwa imegoma. Kompyuta yetu hutumia mfumo wa Linux, na kuiamsha printa kulihitaji nywila ya msimamizi.

Nikaandika, ikakataa. Kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, ukiandika nywila huoni kitu, hata nyota, kwa hiyo sikujua kwamba kitufe cha namba kilikuwa kimezimwa na tarakimu zangu haziingii. Nililigundua hilo baada ya jaribio la tatu. Nikakiwasha, nikaandika sawasawa. Ikakataa. Nikarudia polepole, nikarudia kwa hasira, nikarudia kwa kidole kimoja. Mimi sina subira. Mke wangu husema chai naimeza kabla haijatiwa sukari. Jasho lilinitoka na baridi yote ile ya Mbulu. Mama alinitazama mara moja tu, akageuka kuangalia stendi.

Saa nne kasorobo nikampigia mwalimu mstaafu aliyenikabidhi ofisi, ambaye sasa anafuga ng'ombe Basotu.

"Shikamoo mwalimu. Kompyuta inakataa nywi..."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mwalimu, nywila..."

"Mama yako anaendeleaje na mguu?"

Mzee akikujulia hali humkatizi, hata nyumba ikiwaka moto. Nikajibu habari za mguu, za mvua, za maharage. Akanisimulia ng'ombe wake aliyezaa juzi. Mkono wangu ukarudi kwenye kibodi wenyewe.

"Unagonga nini? Acha. Nakusikia."

Nikautia mfukoni. Akaendelea na ndama, rangi yake, anavyonyonya. Nilitamani kulia.

"Haya," akasema mwishowe, "sasa andika."

Ikakubali. Barua ikatoka, mama akaipokea na kutoka mbio bila kuaga.

"Umefanya nini, mwalimu?"

"Sijafanya kitu. Ukikosea mara tatu inajifunga kwa dakika kumi. Ukigonga kabla hazijaisha, inaanza kuhesabu upya."

"Nani aliiweka hivyo?"

"Mimi, siku ile nakukabidhi ofisi. Si nakujua?"

Dirishani nilimwona mama akikimbia kando ya basi lililokuwa limeanza kuondoka. Mkono wa binti ukatoka kwenye kioo, ukaidaka barua. Nikaona aibu. Nikamuuliza mzee yeye mwenyewe anaendeleaje, maana muda wote ule sikuwa nimemuuliza.