Mlima Niliopaka kwa Brashi za Shangazi

Wiki jana tulimzika shangazi yangu kwa mumewe, huko Sirisia, na usinitazame hivyo, rafiki yangu: machozi hayakunitoka. Mwalimu wangu wa zamani alipewa maikrofoni, akausifu ufundi wa marehemu hadi nikakishika kiti kwa hasira.

Shangazi ndiye aliyenilea, Kitale, nyuma ya saluni yake. Kabla ya shule nilifagia nywele, nikafua taulo, nikachota maji, ndipo nikapata chai na kiporo cha ugali. Hata chai ilinuka mafuta ya nywele. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuremba wateja, na mwepesi zaidi wa kunizaba makofi.

Mwaka mmoja mwalimu alituagiza tutengeneze Mlima Elgon kwa maonyesho ya shule. Nilikanda magazeti kwa uji wa unga, nikaanika. Rangi za maji nilikuwa nazo, brashi sina. Basi nikachukua vifaa vya Shangazi. Kwa sponji yake ya poda niligusagusa kilele mpaka kikawa jiwe. Kwa brashi ya maskara nilidonoadonoa kijani mpaka msitu ukasimama. Kijibrashi cha wanja kiliwapa macho ng'ombe wangu wa udongo, wadogo kama punje za mahindi, na rangi ya kucha ile isiyo na rangi ikaung'arisha mto. Sijapata kupenda kazi ya mikono yangu kama nilivyoupenda mlima ule.

Shangazi alipoziona brashi zake, alinichapa kwa mwiko. Kila pigo na methali yake: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Shuleni, mwalimu hakuamini. Wazazi wengi walikuwa wakiwafanyia watoto, kwa hiyo akataka nimlete mlezi. Nilifurahi, maana nani angejua ukweli kuliko aliyenichapa? Shangazi akaja amejipodoa. Mwalimu akausifu mlima weee, ndipo akamuuliza fundi ni nani.

"Ni mimi, mwalimu," alisema, akitabasamu. "Huyu alikuwa ananishikia tu magazeti."

Mimi nikapewa sifuri. Siku ya maonyesho Shangazi alipigiwa makofi, na mlima ukabaki ofisini hadi mchwa wakaumaliza.

Na huo ndio mlima mwalimu aliousimulia mazishini. "Huyu mama alikuwa fundi, bana," alisema. "Ile mulima yake, ukiangaria unasikia baridi ya kule juu Kapsokwony." Watu wakaitikia. Kisha wakaitwa watoto aliowalea marehemu, nami nikasimama.

"Brashi zilikuwa za Shangazi," nikasema. "Mlima ulikuwa wangu. Alinichapa kwa sababu yake."

Mwalimu akainama, kisha mama mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo, nao wakaimba kwa nguvu ili nikae.

Saluni ilibomolewa, siku hizi pale wanauza simu. Ninauchukia uwongo ule hadi leo, na namchukia Shangazi kwa kuondoka nao. Mtu pekee aliyeweza kusema ni kweli alikuwa ndani ya sanduku, amepakwa poda vizuri, midomo imefungwa.