Nyuma ya Programu ya Doha

Kazi yangu ukumbini ni maji. Maji, taulo, pasi, na kujua choo kiko wapi. Wasanii wakubwa wanaokuja Doha hufika nyuma ya jukwaa wakiwa watu kama watu wengine: wana kiu, AC imewatia baridi, wamesahau soksi za kuvalia suti. Wa kuwapokea katika hali hiyo ni mimi. Nilikuwa na miaka sita ya kubeba chupa, na jukwaani sikuwahi kupanda ila kupangusa vumbi.

Yule mzee alifika Jumanne, onyesho lake likiwa Alhamisi. Alikuwa mpiga piano na mtunzi, jina kubwa huko Ulaya, mabango yake yalikuwa barabarani kote tangu mwezi uliopita. Mimi nilitarajia jitu. Nikaletewa babu mwembamba aliyevaa sweta ya kahawia yenye tundu kwenye kiwiko, ananiomba beseni la maji ya moto kwa Kiingereza cha upole.

"Ya kunywa?" nikamuuliza.

"Ya mikono," akasema. "Hii mikono imezeeka kabla yangu."

Basi kila asubuhi na kila jioni nilimpelekea beseni, naye akatumbukiza mikono humo mpaka viganja vikawa vyekundu, na huku mikono iko majini mdomo ukawa na kazi ya kuongea. Alinisimulia maisha yake ya safari. Miaka arobaini na kitu ya hoteli, alisema, na hakuna mji anaoujua vizuri, anajua tu njia ya kutoka chumbani kwenda kwenye piano. Siku ambazo binti yake alizaliwa, akaanza shule, akaolewa, yeye alikuwa mji mwingine akipiga muziki ule ule. Mkewe aliugua yeye akiwa ziarani, akamkuta ameshakata kauli.

"Na wewe hapa, umeacha nani?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeacha mama na mtoto wa kike wa miaka tisa, na kwamba Ijumaa napiga kinanda kanisani, maana hapa ibada kubwa ni Ijumaa, siku ya mapumziko. Akafurahi, wueh! Akatoa mkono majini akanipa, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko changu.

Alikuwa na desturi moja. Katika begi lake la mkononi mlikuwa na programu zilizochapishwa za maonyesho yake, moja kwa kila mji, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Mbele ni orodha ya nyimbo kama kawaida: nusu ya kwanza kazi za watunzi wa zamani, nusu ya pili kazi zake mwenyewe. Nyuma yake ndiyo ilikuwa siri. Baada ya kila onyesho aliandika kwa penseli jina la mji, hali ya piano, halafu neno *kosa*, na mbele ya neno hilo akaandika mwenye kosa. Alinisomea chache. Kosa: piano, waya mmoja umelegea. Kosa: mimi, nilikula sana. Kosa: mtu wa taa. Kosa: mvua, paa la mabati.

"Hakuna onyesho lisilo na kosa," akasema. "Lakini kila kosa lina mwenyewe, na lazima aandikwe, la sivyo utabeba yasiyo yako."

Jumatano akaniambia jambo ambalo hakuwa na sababu ya kuniambia mimi mbeba maji. Zamani alipiga kila kitu kwa kichwa, bila karatasi. Sasa kumbukumbu ilikuwa inamtoroka. Binti yake alitaka aache kusafiri, wakagombana, mwishowe wakapatana hivi: ataendelea na ziara, akiwa na karatasi mbele yake na msaidizi wa kuzifunua, lakini siku atakayopotea mbele ya watu, siku hiyo hiyo amefunga piano. Doha ilikuwa mji wa tatu kati ya kumi na mmoja. "Na sitaki kufunga," akasema, akiangalia maji. "Nikifunga nitakaa na nyumba isiyo na mtu."

Naomba mkumbuke kwamba niliyajua hayo yote. Sina pa kujificha hapo.

Alhamisi mchana msaidizi wake, yule wa kufunua kurasa, akaamka na homa ya kutetemeka. Meneja wa jukwaa, mama wa Kilebanoni asiyejua kuongea polepole, akazunguka korido akiuliza nani anasoma muziki, yalla, nani, haraka. Mlinzi wa mlango wa nyuma ni Mganda, rafiki yangu, tunakaa jengo moja kule Al Wakrah. Akapaza sauti: "Si dada huyu? Kila Ijumaa anatupigia kinanda!"

Mzee akatoka chumbani kwake, uso umeng'aa. "Kweli wewe! Unasoma muziki?"

Sasa sikilizeni. Mimi nasoma solfa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na kule kwetu wimbo ni do re mi iliyoandikwa kwa herufi, d, r, m, f, kama barua. Ukutani mwa darasa lake palikuwa na chati ya herufi hizo, na kabla sijajua kuandika jina langu nilishaweza kuimba ile chati kwenda juu na kushuka. Nipe wimbo wowote wa solfa nitakuimbia sauti zote nne. Lakini nota za mistari mitano, zile za wazungu zenye vichwa vyeusi na mikia, sizijui hata moja. Kanisani napiga kwa sikio. Na nilijua vizuri sana mzee alikuwa anauliza nini. Sikukosa kuelewa.

Nikasema, "Nasoma."

Kwa nini? Kimbelembele. Miaka sita ya maji. Nilijiona nimekaa pale kwenye mwanga, nimevaa nguo nyeusi, na picha itakayotumwa nyumbani mtoto wangu aonyeshe wenzake. Nikajiambia kazi yenyewe ni kufunua karatasi, jameni, hata upepo hufunua.

Tukafanya mazoezi saa kumi. Akanieleza kwamba atanitikisia kichwa kidogo kila ukifika wakati, ingawa kwa anayesoma, akasema, kichwa ni nyongeza tu. Nikajibu, "Naam." Akatikisa, nikafunua, akatikisa, nikafunua. Mambo yakaenda sawasawa. Nikawa naangalia zile nota zinavyopanda na kushuka, nikadhani nimeshazishika. Hata nikaanza kujisifu moyoni, kumbe rahisi hivi, na watu wanaenda chuo miaka minne!

Jioni ukumbi ulijaa. Nusu ya kwanza ilipita salama. Baada ya mapumziko akaingia kwenye nyimbo zake, na ya mwisho kabisa ilikuwa mpya, aliyoitunga baada ya kumzika mkewe. Ilikuwa bado kwa mkono wake, kwa penseli, na mahali pengine amefuta akaandika juu. Hakuwa ameishika kichwani hata kidogo, alinionya hivyo kabla hatujatoka.

Lakini mchana hakuwa amepiga kwa machungu. Jioni alipiga kwa machungu. Alifika ukurasa wa nne, akafumba macho nusu, mwili wote ukaanza kuyumba, na kichwa kikashuka. Nikasimama nikafunua.

Mistari miwili ilikuwa bado. Mtu anayesoma angeiona, ilikuwa pale, myeusi, chini ya pua yangu. Kile kichwa kiliinama kwa ajili ya marehemu mkewe, si kwa ajili yangu.

Akafungua macho akakuta ukurasa mpya. Mkono wa kulia ukafuata macho, wa kushoto ukabaki nyuma ulikokuwa. Sauti zikagongana vibaya, halafu akanyamaza. Akatoa mikono juu ya piano akaiweka magotini. Mtu akakohoa huko nyuma.

Nikaurudisha ule ukurasa, nikamwonyesha kwa kidole mahali nilipodhani alikuwa. Akageuka akaniangalia kwa shukrani, kana kwamba nimemwokoa. Haki ya Mungu, ningeomba anipige kofi kuliko kuniangalia vile.

Alianza wimbo upya, akaumaliza vizuri. Watu wakasimama, wakapiga makofi muda mrefu, wengine wanalia. Hakuna aliyekasirika. Aliinama mara tatu, akatoka, nami nikamfuata na taulo.

Chumbani aliketi bila kuvua koti. Nikamimina maji ya moto kwenye beseni. Hakuyagusa.

"Niambie ukweli," akasema. "Pale nilipopotea. Nilikupa ishara?"

Nilikuwa na nafasi yote duniani. Mlango umefungwa, tuko wawili tu. Neno moja lilitosha: sijui kusoma. Angekasirika, labda ningefukuzwa kazi, labda angecheka. Angeendelea na miji yake minane.

"Ndiyo," nikasema. "Ulinipa ishara."

Kichwa si kilitikisika? Ndivyo nilivyojitetea moyoni, na nimejitetea hivyo hivyo miezi mingi. Lakini uongo uliovaa kanzu ya ukweli ni uongo tu.

"Basi," akasema. "Nilidhani hivyo." "Samahani, binti. Nimekuaibisha mbele ya watu, na ilikuwa mara yako ya kwanza."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Nami nikamjibu eti usijali, mzee.

Akachukua programu ya Doha, akaandika nyuma yake kwa penseli, taratibu. Badala ya kuifunga na zile nyingine kwa kamba ya kiatu, akaikunja akanipa. Nikaitia mfukoni bila kuisoma. Niliogopa.

Ndani ya basi la wafanyakazi mlinzi Mganda alikaa kando yangu. Alikuwa ameona kila kitu akiwa nyuma ya pazia. "Dada," akasema, "si wewe ulifunua mapema?" Nikamwambia anyamaze, yeye na mdomo wake ndio ulioniingiza matatani. Tulipokaribia nyumbani akasema tu, "Ndege yake ni kesho saa nane mchana. Hoteli unaijua."

Kesho ilikuwa Ijumaa. Saa nane mchana nilikuwa kanisani, napiga kinanda, macho nimefumba, na watu wanasema siku hiyo nilipiga kwa upako wa ajabu.

Wiki mbili baadaye ukatoka ujumbe kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: miji iliyobaki imefutwa, hatasafiri tena, anawashukuru wote. Watu wakaandika pole nyingi chini yake. Mmoja alikuwepo Doha, akaeleza kwa huzuni jinsi mzee alivyosahau wimbo wake mwenyewe, na wengine wakakubaliana naye kwamba uzee hauna daktari. Nikasoma yote hadi mwisho. Ndipo nikaitafuta ile programu, nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha solfa cha baba. Nikaigeuza.

Doha, alikuwa ameandika. Piano nzuri sana. Maji ya moto kila siku. Kosa: mimi.

Tangu hapo nimejifunza nota za mistari. Mfilipino mmoja wa kwaya ya Kiingereza alinifundisha kila Ijumaa baada ya ibada, miezi saba. Si vigumu, na hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi wapiga piano wanaokuja bila msaidizi huitiwa mimi, wananiuliza kama nasoma, nasema ndiyo, na ni kweli. Picha nyumbani zimefika nyingi. Mtoto wangu amebandika moja ukutani.

Anwani ya binti wa mzee ninayo, iko wazi kwa yeyote anayeitafuta. Barua nimeianza mara nyingi. Mwezi wa kwanza ingekuwa fupi, mistari mitatu tu. Sasa imepita miaka miwili, na lazima pia nieleze nilikuwa wapi miaka hiyo miwili, kwa nini nilimwacha akae kwenye nyumba ile peke yake akiamini akili yake imemtupa. Kila nikichelewa inakuwa ndefu zaidi, na kila ikiwa ndefu nachelewa.

Mwezi uliopita nilichukua kalamu, nikalikata lile neno lake la mwisho, nikaandika juu yake jina langu kamili, vizuri, kwa herufi ambazo baba alinifundisha. Sasa kosa lina mwenyewe. Lakini programu iko kwangu, sandukuni, Al Wakrah, na huko kwake mzee bado ameliandika kichwani kuwa lake.