Kikopo cha Mama

Katika mwaka wangu wa pili kwenye maabara ya wilaya pale Nyeri, wasichana wa shule moja ya bweni upande wa Tetu walianza kuugua homa ya matumbo. Waliletwa wawili wawili, midomo imekauka, wengine wakiweweseka. Mmoja wao, mtoto wa wakulima wa chai kutoka Kangari, alifariki kabla baba yake hajafika.

Siku hizo mambo ya afya yalishuka ngazi kwa ngazi. Waraka ulitoka wizarani Nairobi, ukaja mkoani, mkoa ukaupeleka wilayani, na daktari wa wilaya akamwita bwana afya. Agizo lilikuwa fupi: kila anayegusa chakula cha shule apimwe choo, na matokeo yarudi wizarani kwa njia ile ile. Bwana afya akapanda pikipiki yake, akaenda kugawa vikopo.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule hiyo. Alikuwa akipika pale tangu mimi nikiwa darasa la tatu.

Vikopo kumi na kimoja vililetwa Jumatatu. Cha mama kilikuwa namba saba. Nilipaka kila sampuli kwenye sahani yake ya kuoteshea viini, nikazifungia zote kwenye kabati la joto. Kusubiri hakukunitisha. Mama alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na kilima cha kwetu alikipanda bila kupumzika.

Jumatano asubuhi nilifungua kabati. Sahani sita za kwanza hazikuwa na neno. Ya saba ilikuwa na madoa meusi yanayong'aa kama chuma. Nilidhani nimechanganya namba. Nikaigeuza, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe, halafu nikatafuta kiti.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Unachukua chembe ya lile doa, unaichanganya na tone la dawa juu ya kioo, unatikisa polepole. Kama ni viini vya homa ya matumbo, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyochacha. Nilitikisa. Ukakatika. Nikarudia, ukakatika tena.

Nilikuwa peke yangu. Ningeandika "sampuli imeharibika" na hakuna ambaye angeuliza, maana ziliharibika nyingi. Nilishika kalamu juu ya daftari muda mrefu. Niliogopa mama kufukuzwa kazi. Niliogopa majirani kusema ameua mtoto wa watu, na zaidi niliogopa kwamba huenda ni kweli. Kisha nikamwona akilini, saa ile ile, akikata kabichi ya wasichana mia na kitu. Nikaandika.

Mkuu wa maabara, mzee Mwislamu wa mjini aliyeanza kazi wakati wa wakoloni, alisoma jina mara mbili.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

Alivua miwani. "Umerudia kipimo?"

"Mara mbili."

"Basi mimi nitafanya ya tatu, jina lako lisikae hapo chini peke yake. Ngoja nje."

Nilikaa kwenye benchi nikisali atoke aseme nimekosea. Alipotoka alinipa tu karatasi. Sasa ilikuwa na sahihi mbili.

Niliomba kwenda na bwana afya. Tulimkuta mama jikoni, mikono yake ndani ya unga. Bwana afya alisoma agizo kwa sauti ya chini: asiingie tena jikoni mpaka sampuli zake tatu zitoke safi.

"Lakini mimi si mgonjwa," mama alisema, akiniangalia mimi.

"Najua, mama," nilisema. "Viini vinaweza kujificha kwenye nyongo miaka mingi bila kukusumbua. Uliwahi kuugua homa hiyo?"

"Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, nikiwa na mimba yako. Kule kijijini walikotufungia tulianguka wengi." Akapangusa unga mikononi. "Ni nani aliviona?"

"Ni mimi."

Alifungua aproni, akaikunja, kisha akasimama nayo kama mtu asiyejua ni wapi anaruhusiwa kuiweka.

"Na yule mtoto wa Kangari?"

"Hakuna anayeweza kujua, mama," bwana afya alijibu. "Hata maji ya kisima tunayapima."

Mama alitikisa kichwa, lakini si kwa kukubali.

Alimeza vidonge majuma mengi. Sampuli tatu zilitoka safi, na baada ya miezi barua ikashuka kutoka wizarani, ofisi kwa ofisi, ikimruhusu kurudi kazini. Alirudi, ila kwa kufua mashuka. Jikoni hakukanyaga tena.

Hata nyumbani aliacha kupika. Mtoto wangu wa kwanza alipoanza kula, nilimwomba mama amponde viazi na ndizi. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akanawa tena, akasimama akiitazama mikono yake. Kisha akamwita dada yangu aje aponde.

"Mama, barua ilisema umepona," nilimwambia.

"Barua nimeisoma," alisema, akatoka nje kukausha mikono yake juani.