Zamu za Kula za Vitalia

Vitalia wa Ruanda, kijiji chetu cha Umatengoni, hakuwa mvivu, na anayesema hivyo alaaniwe ulimi. Kabla jogoo hajakohoa, moto wake ulikuwa unawaka. Uji wa watoto, maandazi ya mgahawa wake, watoto shule, yeye sokoni. Jua likipinda yuko shambani kwenye kahawa, jioni anachagua mchele wa kesho na kukanda unga. Kila kazi na saa yake. Hivyo ndivyo alivyosomesha watoto na kuezeka bati, maana Wilfred mumewe, kahawa ikianguka bei, naye huanguka nayo.

Lakini katika kupanga kwake alikata sengu. Wamatengo tunajua: jioni wanaume na watoto wa ukoo hukusanyika kwa babu, kila mke analeta chakula chake, wote wanakula pamoja, mzee akikemea na kuchekesha. Kwa Mzee Bernadi, baba yake Wilfred, sengu ilikuwa imebaki ya nyumba moja tu, ile ya Wilfred. Vitalia akaona inamlia jioni nzima. Akaanza kupakua mapema, kila mtu chake. Cha mzee kilifunikwa kwenye hotipoti, kikaachwa mlangoni pake.

Jirani yake Getrude akamtania sokoni, "Mama we, kwako hata njaa inasubiri zamu!"

"Afadhali inayosubiri zamu kuliko ya kwako, imehamia na godoro," Vitalia akajibu. Watu wakacheka.

Mzee hakulalamika. Jioni moja tu alimwita. "Mwanangu, leo hamwezi kuja tukala?"

"Jumapili, baba. Leo nina unga wa kukanda."

Jumapili ikaja na oda ya chakula cha kipaimara. Iliyofuata ikaja na mvua. "Jumapili, baba" likawa kama amina, linatoka mdomoni lenyewe.

Halafu asubuhi moja chakula cha jana kikakutwa palepale, hakijaguswa, na mlango umefungwa kwa kamba. Mzee alikuwa ameteremka ziwani, Lundo, kwa binti yake Kunigunda aliyeolewa na mvuvi. Baba mwenye mtoto wa kiume kwenda kula kwa mkwe! Huko ni kuvuliwa nguo gulioni. Wilfred akainamisha kichwa, akasema, "Kamchukue wewe. Mimi sina uso."

Vitalia akafunga mgahawa, akapanda gari mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda. Alimkuta mzee mkekani katikati ya wajukuu, ugali na usipa, dagaa wa ziwani, kwenye sinia moja, mtoto mmoja akimwibia samaki na mzee akijifanya haoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nawa, ule."

Akanawa, akala. Kisha akapiga magoti. "Baba, turudi nyumbani. Watu wananisema. Nimekunyima nini? Nyama? Sukari?"

"Hujaninyima kitu. Umenilisha vizuri sana. Hata mbwa wa padri halishwi vile."

Kunigunda akacheka, kisha akaona haya, akaondoka na birika.

"Nitabadilisha, baba. Tutakula wote, kila jioni."

"Utabadilisha, najua. Wewe ni mtu wa neno." Akamtazama kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza. "Lakini mimi ni mzee, mwanangu. Kule nilijifunza kula peke yangu. Huku nimejifunza tena kula na watu. Mara ya tatu siwezi."

Akamfungia usipa mkavu wa watoto, akamsindikiza mpaka njiani.

Nyumbani Wilfred alikuwa amesimama uani. "Amekataa?"

"Hajakataa," Vitalia akasema, akimpa kifurushi. "Amesema niwasalimie watoto."

Wilfred akakipokea. Wiki ileile akaanza kuhamishia magunia ya kahawa katika nyumba tupu ya baba yake. Vitalia alimwona akiyabeba, moja baada ya jingine. Akamshikia mlango.