Uso wa Mama Pétronille kwenye Bango

Liévin anachora watu. Hapa kwetu Rwambuzi, mtaa wa Bunia, mtu akifariki na familia haina picha nzuri, wanamletea Liévin ile ndogo ya kadi ya mpiga kura, naye anawachorea kubwa ya kuweka kando ya jeneza. Mimi naandika vibao vya maduka. Tunatumia chumba kimoja cha kazi, na namwonea wivu, maana mkono wake unanizidi mbali.

Picha yake bora kuliko zote si ya marehemu. Ni ya mama yake, Mama Pétronille, anayekausha samaki kwa moshi na kuwauza kule Tchomia, ziwani. Ameinama juu ya moto, jasho usoni, anacheka. Liévin aliupiga mchoro huo kwa simu akauweka Facebook, na watu wakaupenda sana.

Baadaye shirika moja la afya likatuita wasanii kwenye semina. Bunia nzima inajua semina inavyokwisha: orodha inapita, unasaini, unapewa pesa ya usafiri, unaenda zako. Siku hiyo chini ya orodha kulikuwa na karatasi ya pili, Kifaransa kitupu, herufi ndogo ndogo. Nani aisome wakati wenzake wanamsukuma mgongoni? Liévin alisaini, mimi nikasaini nyuma yake. Kisha akawatumia picha ya mama yake, kama walivyoomba. Tulikuwa wajinga, sitafuti neno la adabu.

Miezi mitatu ikapita. Bango kubwa likasimamishwa kwenye njia ya sokoni, na mengine Tchomia. Mama Pétronille yuko pale na samaki wake, na juu ya kichwa chake maandishi mekundu: KOLERA INAUA. Wateja waliomzoea miaka ishirini wakaanza kuipita meza yake bila kusimama. Akampigia mwanawe simu.

"Liévin, batu banakimbia samaki yangu. Banasema iko na kolera. Ambia bale batu batoshe ile picha, baiondoe pale."

Tukaenda ofisini kwao. Alitupokea dada mmoja, Jeanine, mpole kabisa, na upole wake ndio ulionichoma.

"Papa Liévin, hii signature ni ya nani?"

"Ya kwangu. Lakini nilisaini ya transport."

"Ya transport iko huku. Hii ingine iko cession. Ulitupatia haki yote ya ile picha, kwa kila kazi, bila mwisho."

"Si nilikuwa nimeshaiweka Facebook? Nilizania pale iko ya batu bote."

"Hapana, papa. Hata ku Facebook ilikuwa ya kwako. Ungeweza kutupatia ruhusa ya mwaka moja, ya kazi moja tu, na kukatala ingine. Hii karatasi ndio ilikutoshea yote mu mikono."

Alituonea huruma kweli. Akasema ataandikia wakubwa wake Kinshasa, lakini tusitumaini sana.

Tumengoja wiki tano. Liévin hashiki brashi, hata misiba anaikataa. Nikipita chini ya lile bango nalitukana kwa sauti, na bado limesimama. Sijui kitu kingine cha kufanya.

Wiki iliyopita Mama Pétronille alikuja Bunia mwenyewe, na kapu la samaki waliokosa mnunuzi. Liévin akamweleza yote: karatasi, saini, Kinshasa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Weye ulisaini, nimesikia," alisema. "Na mi, nilisaini wapi? Uliniuliza siku gani?"

Niliona aibu, kwa sababu siku ile ofisini tulizungumza sana habari ya picha ni ya nani, na uso ni wa nani hatukutaja hata kidogo.

Mama akachukua kapu lake kwenda kujaribu soko la Bunia, ambako hajulikani. Tulimfuata kwa nyuma. Alipolikaribia bango alivuta kitenge, akajifunika uso mpaka machoni, akapita.